Mjomba Anaondoka na Ofisi Inafungwa

Baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi usiokatika, Afisa Ustawi wa Wanafunzi wa chuo chetu, ambaye chuo kizima humwita Mjomba, atastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini ya mwezi wa sita, saa kumi kamili jioni. Saa hiyohiyo, kwa uamuzi wa Baraza la Chuo, cheo chake kitafutwa na ofisi yake itafungwa. Kamati ya sherehe iliyonikabidhi kazi ya kuandika wasifu huu iliniomba nieleze habari ya kwanza kwa kirefu na ya pili kwa ufupi. Nimejitahidi kutii, nimeshindwa. Habari ya pili ndiyo iliyomaliza wiki sita za mwisho za mtu huyu kazini, na kumsifu mtu huku ukificha alichokipigania ni namna ya kumtukana kwa adabu.

Mjomba hakuja hapa kuwa Afisa Ustawi. Alikuja kuwa msimamizi wa bwalo, akiwa na cheti cha upishi, wakati chuo kilikuwa na majengo mawili ya matofali na bweni moja lililogawanywa katikati kwa ukuta wa mbao. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba sahani zinatoka safi na zinarudi zote. Alisimama miaka mitatu kwenye dirisha la kurudishia vyombo, na hapo ndipo alipogundua jambo ambalo sisi wenye shahada tungehitaji semina tatu kuligundua: mwanafunzi anayekaribia kuacha chuo huanza kwa kuacha chakula. Sahani hurudi nusu, kisha hurudi kama ilivyotoka, kisha hairudi kwa sababu haikuchukuliwa. Wiki mbili baadaye kitanda hukutwa kimetandikwa, begi halipo, na hakuna aliyeagwa.

Alimwendea mkuu wa chuo wa wakati ule na kumtajia wanafunzi watano ambao, kwa hesabu yake ya dirishani, wangeondoka kabla ya mwezi kwisha. Mkuu alicheka. Wanne waliondoka. Wa tano alibaki, na ilipoulizwa kwa nini, ikafahamika kwamba msimamizi wa bwalo alikuwa amemfuata bwenini bila ruhusa ya mtu yeyote, akakaa naye mchana mzima. Mkuu aliacha kucheka. Alimtoa jikoni akampa chumba, meza, viti viwili na cheo ambacho hakikuwepo.

Jina la Mjomba alilipata hospitalini. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyehitaji upasuaji wa ghafla aliulizwa na muuguzi ni nani atakayemsainia. Hakuwa na ndugu wa karibu, akamwonyesha kwa kidole bwana mmoja aliyekaa kwenye benchi, sweta lake limetoboka kiwiko.

"Yule pale. Mjomba wangu."

"Mjomba wa kweli?" muuguzi akauliza.

Bwana yule akamjibu kabla ya mgonjwa kufungua mdomo: "Dada, kwani mimi ninaonekana wa bandia?"

Akasaini. Lilikuwa kosa la kiutaratibu, akaandikiwa barua ya onyo, naye akaitundika ukutani kwa miaka minane kama watu wengine wanavyotundika vyeti. Jina lilimfaa. Kwa wengi wetu baba huheshimiwa kwa mbali, na mama hufichwa yale yatakayomuumiza. Kaka wa mama ndiye anayeambiwa mambo yalivyo, kwa kuwa anaweza kucheka kwanza na kugomba baadaye.

Hakupata kumuuliza mwanafunzi ana tatizo gani. Swali hilo alilifananisha na kummulika mtu tochi usoni. Alikuwa na redio mbovu. Aliyeitwa ofisini aliikuta imefunguliwa mezani, nati zimetapakaa, na Mjomba akimwomba amshikie bisibisi. Watu husema mengi mikono yao ikiwa na kazi na macho yakiwa chini. Mara kadhaa wanafunzi wa ufundi waliitengeneza redio hiyo ikaimba vizuri kabisa. Mjomba aliwashukuru kwa moyo mkunjufu, akasubiri wafunge mlango, akachomoa waya.

Mimi niliajiriwa miaka miwili iliyopita kuwa msaidizi wake kwa mkataba, nikiwa na shahada ya takwimu na maoni thabiti juu ya kila kitu. Siku ya kwanza nilifungua kabati la majalada na nilistaajabu. Jalada baada ya jalada lilikuwa na maneno yaleyale matatu au manne: amekuja, tumeongea, anaendelea. Nilimwambia kwamba ofisi isiyo na kumbukumbu ni uvumi wenye meza. Akaniambia kwamba mtu aliyevuka mahali pabaya hapendi kuachiwa bango pale alipovukia.

"Hata wewe, Profesa," akasema, na tangu hapo sikuwa na jina jingine, "siku ukilia humu ndani sitaandika."

Nikamjibu kwamba sitalia.

"Haya. Bisibisi ile pale."

Tulibishana hivyo kwa miaka miwili, yeye akitabasamu, mimi nikitaja vitabu. Nayaeleza haya ili msomaji aelewe jinsi watu wawili waliotaka jambo lilelile walivyoweza kulipoteza.

Katikati ya mwezi wa tano ilikuja barua. Baraza la Chuo lingekutana tarehe kumi na tano ya mwezi wa sita kujadili muundo mpya wa utawala, na katika muundo huo, Afisa Ustawi akishastaafu, nafasi yake haitajazwa. Wanafunzi wenye shida wangejaza fomu kwenye tovuti ya chuo. Mjomba aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akauliza mabasi ya asubuhi yanaondoka saa ngapi. Naomba jambo hili lieleweke vizuri, maana yapo maneno ya chinichini kwamba mzee alikuwa anang'ang'ania kiti. Hakuomba kuongezewa hata siku moja. Alichoomba ni kwamba baada yake awepo mtu mwingine. Mtu mmoja tu, mwenye macho, kwa chuo chenye kampasi kuu na matawi matatu.

Ndipo zilipoanza zile wiki. Gari la chuo lilikuwa gereji, na lingali gereji. Mjomba, mwenye umri wa miaka sitini na magoti mawili yasiyoelewana, alikwenda tawi la kilimo, lililo saa mbili za vumbi baada ya lami kwisha. Akaenda tawi la afya, nyuma ya hospitali, ambako wanafunzi hula kwa zamu wakiwa na sare. Akaenda tawi la ufundi, katikati ya maghala, ambako huwezi kusema neno mashine ya kukatia vyuma ikiwa inafanya kazi. Akimaliza la tatu alianza tena la kwanza. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani na ana ulimi unaokata kuliko mkasi wake, alituambia tulipopita nyumbani kwao kubadilisha shati: "Nikiulizwa mume wangu yukoje, nitasema ana mkoba begani. Sura nimeisahau." Mjomba akamwomba amshonee kitufe. Akakishona shati likiwa mwilini, kwa kuwa basi lilikuwa linaondoka.

Nilikuwa nimemwandalia hotuba yenye hoja saba. Hakuitumia. Kila tawi alipofika alipita mlango wa nyuma, jikoni. Tawi la kilimo, mpishi mkuu, mwanamke mwenye sauti inayosikika hadi mabandani, alimpokea hivi:

"Mjomba! Bado hujafa?"

"Nimeomba, shemeji. Wameniambia nijaze fomu."

Jiko zima likaangua kicheko. Kisha mpishi akapangusa mikono, akamsogelea, na sauti ile kubwa ikawa ndogo. "Yule wa meza ya dirishani. Mwaka wa pili, mrefu, kimya. Leo siku ya nne hagusi kitu."

Walimu arobaini wa tawi walikuwa wamekusanyika ukumbini wakitusubiri. Nilikuwa nimewapigia simu mmoja mmoja kwa wiki nzima. Mjomba alinikabidhi karatasi za saini, akageuka, akaelekea mabwenini. Niliwahutubia peke yangu, kwa hoja zote saba, na nusu yao wakasaini. Kwenye basi la kurudi nilikuwa nafura kwa hasira.

"Mjomba, tumekuja kuokoa ofisi."

"Ofisi ilikuwa kule bwenini, Profesa. Nimetoka humo sasa hivi."

"Walimu ishirini wameondoka bila kusaini!"

"Na mmoja hajaondoka kabisa," akasema, akafumba macho, akalala akiwa ameegemea kioo.

Baba yake kijana yule alikuwa amefariki mwezi wa tatu, na hakumwambia mtu yeyote chuoni. Alizika, akarudi, akaingia darasani Jumatatu kama kawaida.

Sitaki msomaji adhani wiki hizo zilikuwa za huzuni tupu. Tawi la ufundi Mjomba alihutubia kwa dakika kumi, kwa jitihada kubwa, kundi la vijana waliojipanga nje ya karakana. Walimsikiliza kwa utulivu usio wa kawaida, wakasaini wote, na mmoja akauliza kwa heshima buti zinakuja lini. Walikuwa kwenye foleni ya kupimwa viatu vya kazi. Tawi la afya alikutana na upinzani wa kweli. Rais wa serikali ya wanafunzi, binti mwenye hoja kali ambaye ningependa siku moja kubishana naye kwa nafasi, alisimama mbele ya wenzake akasema waziwazi kwamba fomu ni bora kuliko mzee.

"Fomu haina umbea, Mjomba. Haikutani na shangazi yangu sokoni."

Bwalo likapiga makofi. Mjomba naye akapiga.

"Ijaze, mwanangu. Mimi sina ugomvi na fomu. Ila fomu humsubiri aliyekwisha kuamua kusema. Niambie, darasani kwenu nani hajasema neno tangu Jumatatu?"

Binti akageuka akawatazama wenzake waliokaa nyuma yake, safu kwa safu, na nikaona uso wake ukibadilika, kwa sababu alikuwa anahesabu na hesabu haikutimia. Kufikia mwisho wa wiki ile alikuwa amekusanya saini mia nane kwa mkono wake.

Tulipata saini elfu mbili na mia tisa. Tulizipeleka kwa katibu wa Baraza zikiwa zimefungwa kwa uzi, naye akazipima kwa mkono kama mtu anayepima nyama. "Hizi zinaonyesha kwamba mnampenda," akasema. "Baraza haliamui kwa mapenzi. Lileteeni ushahidi."

Hapo ndipo zamu yangu ilipofika, nami niliipokea kwa fahari ambayo leo naitaja kwa aibu. Kwa siku tisa nilijifungia masjala pamoja na karani wake, tukafungua vitabu vya uandikishaji vya miaka thelathini na moja, na kwa kila mwaka tukahesabu wanafunzi walioondoka bila kuaga. Mwaka kabla ya Mjomba kupewa cheo walikuwa sitini na mmoja. Mwaka uliofuata, hamsini na watatu. Halafu arobaini, halafu ishirini na tisa, na kuendelea kushuka hadi mwaka jana, ambapo walikuwa wawili. Nilichora mchoro. Mstari ule ulishuka kutoka pembe ya juu kushoto hadi pembe ya chini kulia bila kuyumba, na niliuangalia kama mzazi anavyomwangalia mtoto mchanga.

Bila kuyumba, isipokuwa mahali pamoja. Miaka saba iliyopita Mjomba aliteleza ngazini, akavunjika mguu, akalala hospitali na nyumbani kwa miezi minne. Mwaka huo waliondoka wanafunzi kumi na tisa. Kwenye mchoro ilisimama nundu mbaya, katikati ya mteremko wangu safi. Nilikuwa nimefundishwa chuo kikuu namna ya kushughulikia takwimu zisizo za kawaida: zinaondolewa ili mwelekeo uonekane. Niliuondoa mwaka huo. Nilijivunia hata ujasiri wa kuuondoa.

Nilimwonyesha Mjomba ripoti asubuhi ya siku ya mwisho ya kuiwasilisha. Alikuwa amesimama, mkoba begani, kwa sababu mpishi wa tawi la kilimo alikuwa amepiga simu: yule wa meza ya dirishani ameanza tena kutokula. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Unashuka vizuri mno," akasema.

"Si ndiyo sifa yako, Mjomba?"

"Na mwaka wa mguu wangu uko wapi?"

"Nimeutoa. Haukuwa wa kawaida. Ungeharibu picha."

Alinitazama, akatazama saa ya ukutani, akatazama tena karatasi. Basi la mwisho la asubuhi lilikuwa limebakiza dakika kumi na tano kuondoka. Mtu mwingine angekaa chini, akanieleza, basi likaondoka. Lakini huko mwisho wa lami palikuwa na mtu asiyekula, na humu ofisini palikuwa na msomi.

"Sawa," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Akaondoka. Sikuusikia uzito wa sentensi ile. Niliisikia kama idhini.

Tarehe kumi na tano tuliitwa mbele ya Baraza saa nne na nusu asubuhi. Chumba kilikuwa na meza ndefu, chupa za maji, na kila mjumbe alikuwa na nakala ya ripoti yangu, imefunguliwa kwenye ukurasa wa mchoro. Mwenyekiti alisimama. Alitabasamu, na sina sababu ya kudhani kwamba hakumaanisha tabasamu lile.

"Mzee wetu, hongera sana. Sitini na mmoja hadi wawili! Umelimaliza tatizo."

Wajumbe wakapiga makofi. Mwenyekiti akaendelea, bado anatabasamu: "Sasa tukiajiri mtu mwingine, tutakuwa tumemleta akae pale afanye nini?"

Mjomba alisubiri makofi yatulie kabisa. "Mheshimiwa, halijaisha. Nimelishikilia."

"Karatasi yenu wenyewe inasema limeisha."

Nilinyoosha mkono. Nilisimama kabla ya kuruhusiwa. Nilisema kwamba kuna mwaka mmoja haumo katika mchoro, mwaka ambao Afisa hakuwepo kazini kwa miezi minne, na kwamba mwaka huo peke yake unathibitisha kila kitu. Mwenyekiti akapekua ripoti, ukurasa baada ya ukurasa, kwa subira.

"Umo humu?"

"Haumo, Mheshimiwa. Niliuondoa."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na jibu la kitaalamu, nami nililitoa. Nililisikia likitoka kinywani mwangu, sahihi, lenye istilahi zake zote, na nikaona wajumbe wawili wakitazamana. Mwenyekiti akafunga ripoti kwa upole. "Kijana, sisi tunaamua kwa kilicho mezani." Uamuzi ulichukua dakika tatu. Chupa za maji zilikuwa hazijafunguliwa.

Wenzangu wamenishauri nisiyaandike haya katika programu ya sherehe. Hoja yao ni kwamba wageni watakuja wakiwa wamevaa vizuri. Hoja yangu ni kwamba kila mtu atakayeketi ukumbini Ijumaa amekwisha kusikia kwamba tatizo limeisha, na amesikia hivyo kwa sababu yangu. Nami sina mahali pengine pa kusahihisha. Kule nje ya chumba cha Baraza, kwenye korido, nilimsubiri Mjomba aseme neno. Alinishika bega. "Umeandika kwa heshima, Profesa," akasema. "Sijawahi kusifiwa namna ile." Sijapata kupokea lawama nzito kuliko shukrani hiyo, na jambo baya zaidi ni kwamba haikuwa lawama.

Simu yake ililia tukiwa bado kwenye korido. Alikuwa mpishi. Kitanda kimetandikwa, begi halipo.

Zilibaki wiki mbili. Mtu aliyeshindwa angeweza kuzitumia kupanga vitabu vyake katika maboksi, na hakuna ambaye angemlaumu. Mjomba alirudi barabarani. Alikwenda matawi yote matatu, jikoni kwa jikoni, na aliwaomba wapishi na waosha vyombo wafanye kazi aliyokuwa akiifanya yeye: watazame kinachorudi, wakumbuke sura. Walimsikiliza, maana wanampenda. Ni mpishi yule yule wa tawi la kilimo aliyesema kwa niaba ya wote, na safari hii hakupaza sauti.

"Kuona tutaona, Mjomba. Mbona tumekuwa tukiona siku zote. Nikishaona, nimwambie nani?"

Nimefanya kazi naye miaka miwili, nikimchokoza kila siku kwa maswali, na sijawahi kumwona akikosa jibu. Siku hiyo alichukua kitambaa, akaanza kupangusa sahani zilizokuwa zimeoshwa, moja baada ya nyingine, hadi zikaisha.

Jumatatu ya wiki hii tulikwenda kumtafuta yule wa meza ya dirishani. Ilikuwa safari ya mwisho ya kikazi ya Mjomba: mabasi mawili, kisha mwendo wa saa moja kwa miguu, na magoti yale yakilalamika kila kilima. Tulimkuta nyuma ya nyumba ya mama yake, anafyatua matofali, na wadogo zake wawili wakiyapanga juani. Alipotuona alisimama na mikono yake yenye tope, akasema shikamoo. Mjomba aliitikia, akavua viatu, akakunja suruali, akashika upande wa pili wa kibao cha kufyatulia. Walifyatua matofali zaidi ya hamsini bila kusema chochote cha maana. Udongo huu mzuri. Maji mnateka wapi. Mama anaendeleaje.

Kisha kijana akaanza kusema, macho yakiwa kwenye tope. Alisema kwamba nyumbani wanaweza kumudu, mama amemwambia arudi chuo, na mjomba wake wa damu ameahidi kuwatazama wadogo. Alisema tatizo haliko huku. Tatizo ni kule, akiwa amekaa na watu mia tatu wanaokula, na haoni hata mmoja ambaye angejua kama hayupo. "Isipokuwa wewe," akasema. "Wewe ulijua."

Kijana akainua uso.

"Nikirudi muhula ujao, Mjomba, utakuwepo?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao. Nilimwomba kimoyomoyo aseme ndiyo. Nilikuwa na hoja tayari: kwamba uongo mmoja mdogo wenye manufaa hauwezi kulinganishwa na maisha ya mtu, kwamba akisharudi, njia itapatikana, kwamba wapo wanafalsafa wengi ambao wangeniunga mkono. Lakini Mjomba hajamdanganya mwanafunzi kwa miaka thelathini na moja, na watu walimwambia ukweli kwa sababu hiyo.

"Sitakuwepo, mwanangu. Ijumaa namaliza."

"Atakuja mwingine?"

"Hapana. Hawataweka mtu."

Kijana aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei na kuona kwamba ndiyo aliyoitarajia. Alitushukuru kwa kuja mbali. Alituletea maji ya kunawa, akamwagia Mjomba miguu kwa mikono yake mwenyewe, akatusindikiza hadi njia kuu. Kisha akarudi kwenye matofali yake. Nilitazama nyuma mara mbili. Mjomba hakutazama.

Hivyo ndivyo ulivyomalizika utumishi ambao Ijumaa tutausherehekea kwa viti vilivyofunikwa vitambaa. Kwa wanafunzi ambao idadi yao haijulikani, kwa kuwa aliyewasaidia hakutaka ijulikane, tunasema asante. Kwa wapishi, makarani, walinzi na wahadhiri aliowafundisha kutazama, tunasema asante. Kwa mkewe, aliyetuazima mumewe kwa miaka yote hiyo na sasa anarudishiwa akiwa amechoka, tunasema asante na tunaomba radhi. Na kwangu mimi, ninayejua sasa mwaka wa mguu wake ulikuwa na thamani gani, asante haitoshi na radhi haitoshi, nimeandika tu.

Tunakutakia, Mjomba, miaka mingi ya afya, asubuhi zisizo na basi la kuwahi, na nyumba yenye kicheko. Ukisikia kwamba mwanafunzi fulani ameondoka kimyakimya, na utasikia, tafadhali usichukue mkoba. Haitakuwa kazi yako tena. Itakuwa kazi ya nani, Baraza halijasema.